Kama Si Sabuni

"Kama si sabuni, basi ni mimi?"

Ma Koku aliniuliza hivyo akiwa amekaa kwenye benchi la chumba cha kufungia vidonda, blauzi yake iko mapajani, kanga ameizungushia kifuani. Nilikuwa nimesimama mbele yake na elimu yangu yote, ambayo mwaka ule watu wa kwetu waliiona nyingi kuliko inavyomstahili msichana. Nilimwambia avae, kuna baridi. Mwezi uliopita, nikiwa nyumbani kwangu Kibeta nachambua maharage, jirani aliingia akaniambia kwamba yule mama wa Izigo niliyekuwa nikimtaja mara kwa mara amefariki. Jambo la kwanza lililonirudia halikuwa sura yake wala mikono yake, bali swali hilo, pamoja na harufu ya spiriti na sauti ya mtu aliyekuwa akifagia nje ya dirisha. Nimeishi muda mrefu, nimefundisha kemia watoto wa watu wengi, nimeuliza maswali mpaka wakubwa wakaanza kunikwepa. Hilo moja nililibeba bila kulijibu.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa karibu na mwisho wa Mwingereza. Bendera yake ilikuwa bado inapandishwa bomani Bukoba kila asubuhi, lakini watu walikwisha kuanza kuizungumzia kama mgeni aliyeaga na bado hajainuka kwenye kiti. Nilishuka melini kutoka Kampala nikiwa nimemaliza masomo ya sayansi, na kwa kuwa nafasi ya ualimu niliyoahidiwa ilikuwa haijafika, nilichukua kazi ya ukalimani katika hospitali ndogo ya misheni iliyokuwa juu ya barabara ya kwenda Muleba. Leo imebaki misingi na mikaratusi. Daktari wake alikuwa Mzungu mrefu, mpole, aliyesema Kiswahili neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na kwa hiyo watu walimwita Mpolampola, yaani Polepole. Alijua wanavyomwita na hakuchukia. Nalitaja hilo kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu leo kumfanya mtu mbaya, na hakuwa mbaya. Alikuwa mmoja, na wagonjwa walikuwa wengi.

Nilipewa chumba kilichopakana na banda la kufulia. Ukuta ulikuwa wa mbao zilizokauka zikaachana, kwa hiyo niliamka kila siku na sauti za wanawake wawili wakichochea moto chini ya mapipa ya kuchemshia mashuka. Mmoja alikuwa Ma Veri, mjane mnene mwenye ulimi usiolala; mwingine alikuwa Ma Koku, mwembamba, mama wa watoto watatu, ambaye alicheka kwa kuficha mdomo kwenye bega lake. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, sanduku, taa ya chemli na dirisha lililotazama kamba za kuanikia. Nililala na harufu ya moshi na kuamka na harufu ya pasi ya mkaa. Ma Veri alikuwa akiuliza, Uhuru ukija, hizi shuka atafua nani? Ma Koku akijibu kwamba watafua Wazungu. "Basi tutalala juu ya uchafu," Ma Veri akamaliza, na maji yakamwagwa sakafuni kwa kishindo. Nilikuwa nimezoea mijadala ya chuoni, ambako kila mtu alinukuu kitabu. Huku nilisikia mambo yaleyale yakimalizwa kabla chai haijachemka.

Zamani walifulia sabuni ya mche, ile ya njano inayokatwa kwa kisu. Miezi michache kabla sijafika, hospitali ilianza kuletewa unga mpya, mweupe, uliopitia Kisumu na kuvuka ziwa katika mifuko mizito ya karatasi. Kijiko kimoja tu kilijaza beseni povu. Mwanzoni ulikuwa fahari ya banda zima. Ma Veri alisema unga ule ungekuwa mwanamume angeolewa tena. Kisha mikono ya Ma Koku ikaanza. Kwanza ilimwasha katikati ya vidole. Baadaye vikatokea vipele vidogo vyenye maji, vikapasuka, ngozi ikawa nene na yenye nyufa mpaka kwenye kifundo. Aliporudi baada ya mapumziko ya Pasaka ilikuwa imepona kidogo. Baada ya juma moja la mashuka ikarudi pale pale. Ma Veri alifulia unga uleule na mikono yake ilibaki laini kama ya mtoto, jambo alilolitangaza kila siku, bila ubaya, huku akimpokea Ma Koku mashuka mazito.

Sikuelewa lililokuwa hatarini mpaka siku aliponialika kwake chakula cha mchana. Nyumba ya mumewe ilikuwa ndani ya kibanja, shamba lao la migomba, mwendo mfupi kutoka hospitali, na kwa ajili yangu walikuwa wametandika nyasi mpya sakafuni. Mumewe, Ta Felisiani, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Mama yake alikaa karibu na mlango. Ma Koku alileta ndizi zilizopikwa na maharage, akazifunua kwenye jani la mgomba, mvuke ukapanda, na hapo nikaona kwamba kila mtu ananitazama mimi. Mama mkwe hakusogea. Kando yake palikuwa na kifurushi kingine kidogo cha jani, kilicholetwa kutoka kwa shemeji yake Ma Koku, nyumba ya pili. Watoto walitazama kifurushi kile, wakatazama chungu cha mama yao, wakasubiri. Nilikula. Nilikula nyingi kuliko njaa niliyokuwa nayo. Ta Felisiani naye akala, akitazama chini. Baadaye mama mkwe alinipitishia kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akaniambia kwa upole mkubwa, "Mwanangu, wewe umesoma. Mtu akimenya ndizi kwa mikono ile, anayekula anakula nini?"

Neno ukoma hakuna aliyelitaja. Halikuhitaji kutajwa. Kwetu mwanamke ambaye ndizi alizomenya haziliwi amekwisha kuondoka katika nyumba ile, hata kama bado analala humo. Ta Felisiani alinisindikiza mpaka njiani, na huko, mbali na mama yake, alisema lile ambalo lilinifanya nisahau mambo mengine yote ya mwaka ule. "Daktari akisema ni ile sabuni, mama nitamjibu. Asiposema, nitamjibu nini? Watoto ni wa ukoo. Yeye atarudi kwao."

Nilimwendea Mpolampola jioni ileile. Alikwisha kumpima Ma Koku ukoma, alisema. Alimchoma vidole kwa sindano na mama alisikia kila mchomo. Ulikuwa ukurutu. Nikamuuliza unatokana na nini. Akasema pengine unga, pengine maji, pengine kuni, pengine hakuna. Nilimwambia kwamba pengine si jibu. Alinitazama kwa uchovu, akatoa kitabu kabatini, akanionyesha kwamba iko njia ya kuiuliza ngozi yenyewe: unachukua kitambaa, unakiloweka katika kitu unachokishuku, kikiwa kimepunguzwa makali, unakibandika mgongoni kwa plasta, unakiacha siku mbili, unatoa na kutazama. Ngozi iliyojifunza kukikataa kitu hicho itavimba mahali pale pale. Nikauliza tutajuaje kama unga hauunguzi mgongo wa kila mtu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Basi tubandike na mgongo usiokuwa na ugonjwa, alisema. Nikajitolea wangu, na Ma Veri akatolewa na mimi kabla hajaulizwa.

Kumweleza Ma Koku ilikuwa kazi yangu. Kiswahili cha wakati ule hakikunipa neno, na Kiingereza kilikuwa hakina kazi pale, nikamweleza kwa njia ya omuziro, kile kitu ambacho kila ukoo wetu umejikataza kula na majirani wanakila bila kudhurika. Nilimwambia pengine mikono yake imeukataa unga ule vivyo hivyo, na ya Ma Veri haijaukataa, na hakuna mwenye kosa. Alifikiri sana. Aliuliza kama omuziro wa namna hiyo unaambukiza. Nikamwambia haujapata kuambukiza. Alijifunika uso kwa bega na kucheka, na siku nzima nilimsikia nyuma ya mbao akimwambia Ma Veri, tena na tena, kwamba huenda hana kitu.

Siku ya kubandika walifika wote wawili wakimetameta. Walikuwa wamejipaka samli mgongo mzima. Huwezi kwenda kumvulia nguo mtu wa heshima ukiwa umepauka kama ukuta. Mama yangu angefanya vilevile, na kusema kweli mimi pekee ndiye niliyekuja mkavu, na Ma Veri akanisikitikia waziwazi. Plasta hazikushika. Daktari alizibonyeza, zikateleza polepole kuelekea kiunoni, naye akazifuata kwa kidole. Muuguzi ilibidi awasugue kwa spiriti, awakaushe, awasugue tena, huku Ma Veri akilalamika kwamba samli ile ilikuwa ya ng'ombe wa kaka yake na haikustahili kuishia kwenye pamba. Nilikata vitambaa kwa mkasi, vya mraba, vinavyolingana. Chenye unga kilikaa karibu na bega la kushoto, chenye sabuni ya mche katikati, chenye maji matupu kulia. Tukakatazwa kuoga mgongo, kubeba mzigo mgongoni, kuinama sana. Ma Koku hakufua siku zile. Alikaa kwenye ngazi za banda, ameinyoosha shingo kama mtu aliyebeba mtungi, anawatazama wengine wakifanya kazi yake.

Plasta zilipotolewa, mgongo wa Ma Veri ulikuwa safi. Wangu ulikuwa na wekundu kidogo kila mahali gundi ilipokaa. Wa Ma Koku tuliutazama kwa muda mrefu kuliko yote, daktari akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole begani kushoto, katikati, kulia. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa ngozi nzuri, nyororo, yenye mistari ya plasta tu. Mpolampola aliniambia kwa Kiingereza kwamba si unga, na nikatafsiri, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Ndipo Ma Koku akaniuliza lile swali. Daktari alikwisha kwenda kunawa mikono. Nilimfuata. Nilimuuliza kama samli ilikuwa imekwisha kweli, kama unga haukupunguzwa makali kupita kiasi, kama mgongo na mikono ni ngozi moja. Alijibu maswali mawili, la tatu akaniambia, bila hasira, kwamba mtu anaweza kuuliza mwaka mzima, na wodini kuna watoto wenye surua. Hakuwa mwongo. Niliwasikia wakilia alipokuwa akisema.

Alikubali jambo moja: alimwita Ta Felisiani, akamwambia mbele yangu kwamba mkewe hana ukoma. Nilitafsiri taratibu, mara mbili. Ta Felisiani alishukuru. Aliuliza basi ni ugonjwa gani, nikamwambia ukurutu, na chanzo chake hakijulikani. Aliondoka na neno hilo kama mtu aliyepewa ufunguo usiokuwa na mlango. Hata hivyo aliendelea kula chakula cha mkewe. Ma Koku mwenyewe aliniambia hivyo asubuhi iliyofuata, akiwa amerudi kwenye beseni, mikono imezama katika povu mpaka kwenye kiwiko. Alisema mama mkwe amenyamaza, na kunyamaza si kubaya.

Juma lilelile daktari aliondoka kwa ziara ya zahanati za upande wa Muleba, nami nikaenda naye kukalimani. Tulilala katika nyumba za makatekista, tukala samaki wakavu na ndizi za kuchoma, tukarudi tumepakwa vumbi jekundu. Nyuma ya mbao nilisikia sauti ya Ma Veri peke yake. Ma Koku alikuwa amepelekwa kwao Izigo. Nilikwenda kibanjani kabla sijabadili nguo. Mama mkwe aliingia ndani aliponiona. Ta Felisiani alikuwa akipiga randa chini ya paa la karakana yake, na hakusimamisha mkono. Nilimkumbusha maneno ya daktari. Nilimkumbusha kwamba alikuwa akila chakula cha mkewe hata juma lile. Nilimwambia mikono ile itapona.

"Mikono si kitu sasa," alisema. "Rudi kazini kwako, dada."

Sikulielewa lile "sasa." Nililisikia, nikaliweka, nikaendelea kubishana na mtu aliyekuwa akitazama ubao. Watoto walikuwa wamesimama kwenye migomba wamepangana kwa kimo. Mdogo aliniuliza kama nimemleta mama.

Nilikwenda Izigo mara moja, muda fulani baadaye, kwa basi la mizigo lililojaa magunia ya kahawa. Nilimkuta Ma Koku jikoni kwa mama yake akimenya ndizi. Mikono ilikuwa imepona. Imepona kabisa, kucha zimerudi, ngozi ya vidole imelainika kiasi kwamba nilivishika kimoja kimoja bila kuomba ruhusa, nikawa nazungumza haraka, nikimwambia kwamba huu ni ushahidi, kwamba ameuacha unga na mikono imepona, nani atabisha? Aliniacha nishike. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, amejifunga shuka nzito mabegani ingawa jiko lilikuwa na joto, na hakutoka ukutani hata aliponiaga. Alisema tu, "Asteria waitu, ndugu yetu, usihangaike." Nikahangaika. Nilimpelekea daktari habari. Akasema ukurutu mwingi hupoa mtu akipumzika. Nilimpelekea Ta Felisiani; akasema kama Izigo kunamponya, basi akae huko anakopona, na katika hilo sikuweza kuona kosa la mantiki, nami nilikuwa nimefunzwa kuyaona. Kabla mwaka haujaisha nyumba ile iliingia mwanamke mwingine. Bandani aliletwa mfuaji mpya, binti wa Kibeta, na kabla sijaondoka kwenda kufundisha nilimwona akijikuna katikati ya vidole kwa ncha ya pini. Nilimwambia aache kazi. Aliniuliza atakula nini. Mifuko ya unga iliendelea kushuka bandarini.

Kwa miaka mingi niliilaumu samli. Niliwasimulia wanafunzi wangu habari za plasta zilizoteleza, wakacheka, nami nikawaambia kwamba jaribio lililoharibika si jibu. Baadaye, katika kitabu cha kazi yangu, nilisoma kwamba zipo ngozi zinazochelewa kujibu, ambazo hukaa kimya plasta ikitolewa na kusema siku kadhaa baadaye, na kwamba mwenye hekima hutazama tena. Nilifunga kitabu nikatembea uwanjani mpaka kengele ikalia. Lakini kusoma kwamba jambo linaweza kutokea si kujua kwamba lilitokea, na mimi sijapata kuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuwa linanitosha.

Nilifika Izigo siku moja baada ya mazishi. Watoto wake wawili, wazee kama mimi sasa, walikuwa wamekuja, wamekaa upande wa wageni. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi za msiba, nikapewa kisu nikakaa kando ya Ma Teo, mdogo wake marehemu, aliyeishi naye miaka yote ile. Tulimenya. Tulizungumza habari za bei ya kahawa na mnyauko wa migomba. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo ambalo kila mmoja analijua, kwamba dada yake hakuwahi kunichukia kwa lile lililomtoka mgongoni. Nikauliza lipi. Alinitazama kuona kama namtania.

Ma Teo alisema kwamba ilikuwa siku chache tu baada ya plasta kutolewa. Mgongo ulianza kumwasha dada yake, karibu na bega la kushoto, ukavimba, ukatoa vipele vya maji. Ta Felisiani aliuona mkewe alipokuwa akioga, akamwita mama yake, na yule mama akasema ugonjwa umetoka mikononi, sasa unatembea mwilini. Ma Koku alivaa, akaja hospitali kutuonyesha. Akaambiwa daktari na mkalimani wameenda Muleba. Alirudi, na kesho yake vitu vyake vikafungwa. Mwenyewe aliamini. Kwa nini asiamini, alisema Ma Teo, ikiwa mimi na daktari tulikwisha kumwambia kwamba si sabuni? Vipele vilipopona viliacha weusi, naye akauficha mpaka alipokufa. Wanawake waliomwosha juzi ndio waliouona tena.

Nilimuuliza weusi huo ulikuwaje. Ma Teo aliweka kisu chini, akafuta jani la mgomba kwa kiganja, akachora juu yake kwa kidole chenye utomvu: upande mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Ulikuwa na pembe," alisema, "kama uliokatwa kwa mkasi."